Nipe Mji: Siku Tatu Laiser Hill



Juma hili sitawapeleka Lamu wala Pemba, na anayengoja harufu ya bahari katika ukurasa huu itambidi asubiri toleo lijalo. Nitawapandisha bara hadi Laiser Hill, katika kaunti ya Kajiado, ambako upepo hauna chumvi na asubuhi ya mwezi wa Julai humfanya mtu wa Mombasa asahau kuwa ana vidole. Nilikwenda kwa jambo moja, nikarudi na jingine. Na baina ya hayo mawili palikuwa na mafumbo saba ya mavazi.

Aliye huko ni shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Alizaliwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akaolewa na kijana aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, Athi River. Waliishi nyumba za kupanga kwa miaka mingi, kisha wakanunua kiwanja Laiser Hill wakajenga. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, Allah amrehemu, akazikwa hukohuko bara. Sasa wanawe wa kiume, mmoja yuko Mombasa na mmoja Maskati, wamekubaliana kwamba mama yao arudi pwani. Hoja zao si mbaya. Baridi inamtesa magoti. Binti anayeishi naye huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi baada ya isha. Na umri umekwenda. Iko na hoja ya mwisho, ambayo hawaitamki ila kwa sauti ya chini: siku yake ikifika, wanataka alazwe karibu na wazazi wake. Wakanituma mimi nikamshawishi, kwa kuwa walidhani neno la sheikh halirudishwi.

Nilipompigia simu kumwarifu kuwa naja, hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Karibu, mwanangu. Lakini nina mafumbo saba, yote ya nguo. Mpaka uyafumbue yote ndipo utakaponiambia lililokuleta. Kuuliza watu ruhusa. Kuuliza hiyo intaneti yenu, hapana."

Usiku ule mjukuu wake, binti wa miaka 11, akanitumia kwa simu picha ya ukurasa wa daftari. Mafumbo aliyasema nyanya, mwandiko ni wa mjukuu. Nayaweka hapa kama yalivyo, msomaji upate kujipima kabla hujasogea mbele:

La kwanza: Nina mji usio na mkaazi. Ukuta wake una pembe nne, na neno limeandikwa mahali pa mlango. Tumezaliwa pacha, wala hatutembei mpaka tutenganishwe.

La pili: Nchi imenipa jina, nami sasa si wa huko. Nilikwenda bara kwa mabega ya watu, nikarudi nimegeuka pembe.

La tatu: Reli mbili, gari moja. Gari likipanda, reli hukutana, likishuka, huachana.

La nne: Wenye jina hili ni wawili. Wa kwanza hufuma nyumba akakaa humo na njaa yake. Wa pili hakufuma kitu, lakini wanawake waliingia ndani yake mbalimbali wakatoka sawasawa.

La tano: Nina matundu kuliko chujio, na makao yangu ni juu ya kilima. Anitafutaye amekwisha kunibeba.

La sita: Sina mkono, sina shingo, sina kifungo. Njia zangu hupishana wala hazifiki popote. Ndugu yangu wa pwani hufungwa kiunoni. Mimi sifungwi huko.

La saba: Tano kwa mama, tatu kwa baba. Haina mfuko kwa kuwa hakuna cha kutia. Anayeivaa hakujivisha.

Chini ya ukurasa mtoto alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: "ANAYESHINDWA ATOE MJI." Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka sheria hiyo. Katika vitendawili vya kwetu, aliyeshindwa humwambia mtegaji, "Nakupa mji," na mtegaji huuchagua ama huukataa, mpaka apewe mji anaoutaka. Hapo ndipo hufumbua mwenyewe. Tulipokuwa watoto tuligawa Unguja, Mvita na Maka usiku mmoja, na asubuhi tulikuwa hatuna hata uwanja wa kuchezea.

Nilisafiri kwa garimoshi la asubuhi kutoka Miritini, lile linalosimama kila kituo: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, kisha Athi River. Tangu reli hii mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, nimeipenda safari hii ya polepole kuliko ile ya haraka, kwa kuwa mtu hupata kusoma na kuwatazama ndovu wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu. Safari hii sikusoma wala sikutazama. Nilikaa na fumbo la kwanza kama mtu anayevuliwa jino.

Mji usio na mkaazi, wenye ukuta! Nilijiambia mara moja: Gedi. Mji ule uliohamwa katika msitu karibu na Watamu una ukuta, una misikiti na nyumba, na hauna mtu. Lakini Gedi na mavazi vinahusianaje? Nikafikiri labda ni vitambaa vya miji ya zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kuhusu nguo zilizofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Pate nayo ilisifika kwa hariri zake. Nikazunguka pwani nzima, kutoka Barawa hadi Kilwa, nikiutafuta mji wa nguo.

Tulipofika Voi nilimpigia simu mke wangu nikamsomea. Hakungoja nimalize. "Sheikh wangu," aliniambia huku akicheka, "huo mji unaukalia kila asubuhi ukinywa chai. Ni leso."

Naam. Leso ina pindo lililouzunguka mji, na ndani ya mji, upande wa chini, limeandikwa jina. Huuzwa doti, mbili zikiwa zimeshikana, na haivaliki mpaka zikatwe na kupindwa. Nimeishi nyumba moja na leso tangu kuzaliwa. Nimebebwa nayo, nimefunikwa nayo, na sikuwahi kujiuliza sehemu zake zaitwaje, kwa sababu maneno hayo ni ya wanawake, na mimi nilidhani elimu ya lugha iko kwenye vitabu vyangu.

Neno lenyewe, leso, ni la Kireno, la kitambaa cha mkono. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaviunga kwa uzi vikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara wakayaona mapenzi yale, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Hapa Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa mwaka 1887, na leso zake zenye alama ya Mali ya Abdulla zimewavisha bibi zetu na wajukuu zao. Yeye hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kuweka misemo juu ya leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Tangu hapo nguo ikawa barua: mke humwambia jirani asilotaka kulitamka, na mama humwusia binti bila kufungua kinywa. Kumbe shangazi hakubuni mchezo mpya. Mafumbo ya nguo ni desturi ya kwao.

La pili nililifumbua peke yangu, nami naona haya kusema jinsi nilivyofurahi. Tulikuwa tumesimama Mtito Andei, na nikiitazama ile nyika nikawakumbuka wapagazi waliopita bara kwa miguu na mizigo mabegani. Jibu ni merekani, kitambaa kile cha pamba kisichotiwa rangi. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Unguja alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mabaharia wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, wakawa wanaleta nguo za viwanda vya kwao. Bara nguo hiyo ilikuwa kama fedha. Ilikwenda marobota kwa marobota, zikarudi pembe za ndovu. Vita vya ndani vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoizuia pamba, nguo za Bombay zikaanza kushika nafasi. Bidhaa ilibadilika kwao, jina likabaki kwetu.

Nilishuka Athi River alasiri, na baridi ikanipokea kama mdai. Nilikuwa nimeazima jaketi la mwanangu kulivaa juu ya kanzu, nami nilipotaka kulifunga, zipu ikakwama kisha ikaachia. Basi nilipofika Kitengela nikamtafuta fundi cherehani. Nilimkuta kibarazani, kando ya barabara ya Namanga ambayo malori hayakomi kupita usiku na mchana. Akalitazama jaketi, akatabasamu. "Sheikh," akasema, "gari lako limeacha reli."

Nilimshika mkono nikamwambia arudie. Akarudia, akidhani sikusikia kwa kelele za malori. Reli mbili, gari moja! Nilikuwa nimelichukulia fumbo la tatu kwa maana ya garimoshi, nami nimekaa juu ya reli mchana kutwa. Fundi alipoelezwa alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye pedeli. Aliirekebisha zipu kwa koleo dogo, akakataa kupokea zaidi ya bei yake, ila akaniomba nimsomee mafumbo yaliyosalia. La nne na la tano hakuyajua. La sita alinyamaza kidogo akasema, "Hilo waulize wenyeji." La saba sikumsomea.

Kutoka Kitengela hadi nyumbani kwa shangazi nilipanda boda boda. Laiser ni jina la ukoo mmoja wa Wamaasai, ukoo ambamo wametoka maloiboni wao, na ardhi hii yote ilikuwa malisho kabla haijapimwa viwanja. Leo mtu huona ua la mabati, kisha nyumba ya ghorofa, kisha uwanda mtupu wenye miba na mbuzi, kisha ua jingine. Punda hupita wakibeba mitungi ya maji. Upande wa machweo vimesimama vilima vya Ngong kama vifundo vya mkono uliokunjwa. Si mahali pazuri kwa jicho lililozoea minazi. Jicho hilo lahitaji siku mbili, na mimi lilinitosha tatu.

Mjukuu alinifungulia lango, akaubusu mkono wangu kama wafanyavyo watoto wa kwetu. Nyuma yake walisimama watoto wawili wa jirani, Wamaasai. Wao wakainamisha vichwa mbele yangu, nami sikujua wanataka nini, mpaka shangazi alipoita kutoka ndani, "Waguse vichwa, mwanangu! Ndiyo salamu yao kwa wakubwa." Nikawagusa. Nilimkuta shangazi kwenye kiti karibu na jiko la makaa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yaleyale. "Mangapi?" akauliza kabla ya salamu kwisha.

"Matatu, shangazi."

"Peke yako?"

Nikamweleza: moja la mke wangu, moja langu, moja la fundi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, wala sikujua ameridhika na nini.

La nne alilifumbua binti yake usiku ule, amerudi kutoka Nairobi amechoka, viatu bado miguuni. "Buibui," alisema. "Mama alikuwa akinisimulia." Ndipo shangazi akasimulia tena. Zamani, alisema, nguo ilikuwa cheo. Muungwana alijulikana kwa ushungi wake, na aliyekuwa mtumwa alijulikana kwa kunyimwa ushungi huo. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika ukanda wetu wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika miaka iliyofuata buibui likaenea, jeusi kwa wote, na aliyepita njiani hakuweza tena kusema huyu ni wa nyumba ipi. Shangazi alilivaa lile la kale lenye kamba ya kufungia kichwani. Mjukuu wake huita buibui lile linalouzwa madukani kama joho, na shangazi hakumsahihisha. "Jina limebaki," alisema. "Nguo hubadilika."

Sasa la tano. Asubuhi ya siku ya pili nilizunguka na fumbo hilo uani. Matundu mengi, makao juu ya kilima. Nilidhani ni soksi za kufuma, nikadhani ni chandarua, nikadhani neno "kilima" laashiria Laiser Hill yenyewe, nikautazama uwanda kama kwamba nguo itaota. Mtoto alikuwa ameketi kizingitini akinitazama. Mara mbili alifunua kinywa, mara mbili akakifumba. Nikamwuliza, "Walijua?" Akaitika kwa kichwa. "Mbona husemi?" Akasema kwa sauti ndogo, "Wewe ni sheikh."

Moyo wangu ulishtuka, kwa sababu kisa hiki nimekifundisha madrasa mwaka baada ya mwaka. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatega masahaba wake fumbo la mti usiopukutisha majani, unaofanana na Muislamu. Watu wakaenda na fikira zao kwenye miti ya jangwani. Abdullahi bin Umar alijua kuwa ni mtende, lakini alikuwa mdogo katika kikao cha wakubwa, akaona haya akanyamaza. Baadaye alipomwambia baba yake, Umar alisikitika, akamwambia kuwa lau angelisema, lingekuwa jambo la kupendeza kwake kuliko mali. Imamu Bukhari amekiweka kisa hicho katika mlango wa elimu. Nami nimekisoma mara ngapi, na sikuwahi kujiona mimi ndimi mkubwa anayezuia jibu kwa kukaa kwake tu.

Nikachuchumaa, nikamwambia, "Sema, mamangu." Akanyoosha kidole kwenye kichwa changu. Kofia! Kofia yangu ya mkono, ambayo mshonaji wa Lamu alitoboa vitundu vyake kimoja kimoja na kuvizungushia uzi kwa miezi. Anitafutaye amekwisha kunibeba. Shangazi alikuwa dirishani akisikiliza. Nilimwona akijifuta macho kwa upindo wa leso, sijui kwa kicheko au kwa jingine.

Alasiri tulikwenda kulizuru kaburi la mumewe. Shangazi alijitanda leso, na juu ya leso, kwa ajili ya upepo, akajitupia shuka nyekundu ya Kimaasai. Tulifuatana na jirani anayemletea maziwa kila asubuhi, mama wa wale watoto wawili, ambaye humwita shangazi "Kokoo", yaani nyanya kwa lugha yao. Njiani nilimsomea fumbo la sita. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kuwa jibu ni kikoi.

"Hapana, mzee," alisema. "Kikoi si ndiyo hiyo ndugu ya pwani? Inafungwa kiunoni. Sisi tunafunga hapa." Akaligusa fundo begani mwake. Kisha akaushika upindo wa shuka ya shangazi, akanionyesha mistari myeusi inayopishana juu ya wekundu. "Njia nyingi, na hakuna inafika." Aliniambia kuwa mababu zao walivaa ngozi, na nguo ililetwa na wafanyabiashara, leo shuka hufumwa viwandani kama nguo nyingine yoyote, na bado mtu akiiona kwa mbali hajiulizi ni ya nani. Nikafikiri juu ya leso yenye jina la Kireno na merekani yenye jina la Marekani. Nguo huwa ya watu kwa kuvaliwa.

Kaburini shangazi aliomba dua, akang'oa majani mawili matatu, akaketi. Yule mama alisimama kando kwa adabu mpaka tulipomaliza. Wakati wa kuondoka shangazi alipapasa udongo wa mahali patupu ubavuni mwa kaburi lile, kama mtu anayepima godoro. Hakusema neno, nami sikuuliza.

Usiku wa tatu likabaki la saba. Binti yake alidhani ni sare ya shule, mjukuu akadhani ni joho la kuhitimu. Wote wakanigeukia. Nami niwaambie ukweli, wasomaji wangu: fumbo lile nililijua tangu Mombasa, usiku ule nilioipokea ile picha. Nimewafundisha wanafunzi kuwa mwanamke huvishwa vipande vitano na mwanamume vitatu. Nimeikata nguo hiyo kwa mikono yangu. Nililijua, na siku tatu sikulisoma kwa sauti mbele ya mtu. Mafumbo niliyokuwa siyajui niliyauliza kwa kila mtu. Hili moja lililokuwa elimu yangu nililificha.

Si hilo tu nililolificha. Nilijua pia kuwa katika madhehebu yetu kumhamisha maiti mji hadi mji si jambo la kupendwa, kuwa haraka ya maziko ndiyo heshima yake, na kuwa mashahidi wa Uhud walizikwa palepale walipoanguka. Nilijua, na nilipotumwa na wanawe sikuwaambia, kwa kuwa walinipokea vizuri na sikutaka kuwavunja moyo.

Nikasema, "Shangazi, nimeshindwa. Nakupa mji."

Alinitazama kwa muda. Alijua kuwa sikushindwa. "Mji gani?"

"Nakupa Mombasa."

"Mombasa nimezaliwa, ni yangu tayari. Sitaki."

"Nakupa Maskati."

"Mwenyewe yuko huko, amshukuru Mungu wake. Sitaki."

Mtoto akaanza kucheka, akidhani mchezo umenoga. Mimi koo lilikuwa limekauka. "Basi nakupa Laiser Hill."

"Huo naupokea," alisema shangazi. Akaigonga mikono magotini, akamwambia mjukuu alete ufunguo. Katika sanduku lake la zamani, chini ya leso alizozitunza tangu harusi, palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri, na karafuu na chupa ndogo ya marashi ndani yake. "Sanda," alisema, kwa sauti ileile aliyoitajia leso na kofia. "Vipande vitano. Nimevinunua mwenyewe hapahapa. Sasa mwanangu, umefumbua, niambie lililokuleta."

Sikuwa na la kusema. Nilisema tu kuwa nimekuja kumsalimu.

"Ahsante," alisema. "Basi ukirudi wasalimu wanangu. Waambie baridi naivalia shuka. Waambie mchana sikai peke yangu, na wewe umeona. Na waambie mji umekwisha kutolewa, mbele ya shahidi." Shahidi ni mtoto wa miaka 11, ambaye wakati huo alikuwa ameacha kucheka na amekishika kile kifurushi kwa mikono miwili.

Nimewafikishia ujumbe. Yule wa Mombasa alinyamaza sana kwenye simu, kisha akasema atapanda kumwona mama yake mwezi ujao na watoto wake. Yule wa Maskati hajanijibu hadi ninapoandika haya, nami simlaumu. Aliye mbali hushika mahali alipopaacha. Shangazi mwenyewe ni mzima, alhamdulillah, na jana alimtuma mjukuu aniulize kama jaketi bado linafunga.

Funzo nililolipata mimi si kubwa, lakini ni zito. Mafumbo saba ya nguo yalihitaji mke, fundi, mfanyakazi aliyechoka, mtoto mwenye haya na mama muuza maziwa. Elimu ya mavazi yetu imetawanyika kama vipande vya leso kabla havijaungwa, na aliye na kilemba kikubwa ana kipande kimoja tu. Naye akikikalia kipande hicho, nguo haitimii. Suratul A'raf, aya ya 26, hulitaja vazi la ucha Mungu kuwa ndilo bora. Nadhani sehemu ya vazi hilo ni kusema unalolijua wakati wake.

Basi nyumbani kwenu juma hili, baada ya chakula cha usiku, zimeni simu mtegane vitendawili vya nguo. Waacheni wadogo waanze. Na kama kuna mzee ambaye mnapanga jambo lake bila yeye, mwulizeni anataka mji gani, angali na kauli ya kuuchagua.

Mjukuu wa shangazi ameomba niwaachie fumbo lake mwenyewe, na jibu atalitoa toleo lijalo: Nikiwa mpya nafungwa, nikizeeka nafungua njia kwa maji, mama hanitupi mpaka niwe nimesafisha nyumba nzima.

Anayeshindwa atoe mji.

Wabillahi tawfiq.